Siku Mbili, Mlima Mmoja

Safari fupi nyingi huharibika siku ile zinapopangwa. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye Jumamosi na Jumapili tu hukaa na wenzake wakataja Lushoto. Mmoja anaongeza Mtae, mwingine anakumbusha msitu wa Amani, na muda si mrefu ratiba imebeba sehemu tatu ambazo kila moja inastahili wiki yake. Wakirudi Jumapili usiku, saa walizokaa garini zinazidi mara nyingi zile walizotembea, na picha zao nyingi zimepigwa dirishani. Toleo hili linatetea uamuzi wa namna nyingine: uchaguliwe mlima mmoja, na uchaguliwe kwa kuhesabu saa za mwanga na saa za miguu kabla ya kusikiliza sifa zake.

Hesabu ya mwanga ndiyo inayosahaulika zaidi. Karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga laini unaochora mabonde na migongo ya vilima haukai. Asubuhi unaanza saa kumi na mbili na dakika kadhaa, na ikifika saa mbili na nusu umeshakuwa mkali. Kuanzia saa nne hadi saa tisa vivuli hujikunyata chini ya miti, na bonde lenye kina cha mamia ya mita huonekana kwenye picha kama zulia. Jioni mwanga unarudi karibu saa kumi na moja. Saa moja usiku giza limetanda.

Kwa hiyo anayefika Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili mchana amepewa jioni moja na asubuhi moja. Hana kingine. Mahali pa kulala pakiwa mbali na njia ya kutembea, hata hizo mbili zitaliwa na barabara.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, hesabu hiyo sasa inaelekea Morogoro. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inafika huko kwa muda wa chini ya saa mbili, na milima ya Uluguru inaanza pale mji unapoishia. Njia ya kwenda Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, inapanda kwa miguu kutoka mjini, ikipita kando ya vijito, migomba na bustani za mboga zilizoning'inia kwenye miteremko. Asubuhi na mapema wakulima wa Kiluguru wanateremka na mizigo ya mboga na matunda kwenda sokoni, na mtembeaji anayepanda hukutana nao uso kwa uso katika mwanga ule ule mzuri. Tena anakutana na jambo linalomhusu moja kwa moja. Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji, unapata maji yake kutoka milima hii. Anayepiga picha msitu wa Uluguru anapiga picha chanzo cha maji ya bomba lake.

Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, inahitaji muda zaidi, na inastahili. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hula sehemu kubwa ya siku, kisha kutoka Mombo barabara inapanda kilomita 33 hivi za kona kupitia Soni. Kwa siku mbili ni adhabu; kwa siku tatu au nne ni mahali pachache tu panapoweza kushindana nayo. Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni mwendo wa kilomita 6 hivi kwa miguu, na pale ardhi inakatika ghafla, chini kukiwa na tambarare inayokimbilia nyika ya Umasai.

Hapo upande ambao mlima umeelekea una uzito zaidi kuliko jina lake. Irente inatazama magharibi. Alfajiri uso wa mwamba uko kivulini. Asubuhi jua likishapanda mgongoni mwa mtazamaji, tambarare inaangaza hadi mbali. Jioni ndipo jua linaupiga mwamba wenyewe na rangi zake zinatoka. Anayejua hivyo haamki gizani kuwahi mwamba usio na mwanga. Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba kaskazini mwa Usambara Magharibi, kina bahati ya kuona mbali pande zote mbili, lakini gari kutoka Lushoto huchukua saa kadhaa. Mwenye siku nne alale huko. Mwenye siku mbili aachane nako bila majuto.

Saa za mchana, ambazo wengi huzipoteza, ni za msituni. Katika hifadhi ya Magamba, juu ya mji wa Lushoto, jua kali huchujwa na majani, mbega weusi kwa weupe hupita vileleni na kinyonga husubiri mwenye subira. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, msururu wa milima ya kale yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Ni katika milima hii, mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipookota ua dogo la zambarau na kupeleka mbegu kwao. Leo ua hilo hupandwa kwenye vyungu majumbani Ulaya na Marekani, huku ndugu zake wa porini wakitegemea kivuli cha misitu inayopungua.

Mandhari ya shamba nayo ina historia inayostahili kujulikana kabla ya kuinua kamera. Mistari ya matuta iliyochorwa kwenye miteremko ya Usambara huvutia kila jicho. Katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta, ikianzia bonde la Mlalo. Kazi ilikuwa nzito, nyingi iliwaangukia wanawake, na Wasambaa waliipinga hadi mpango ukafa kabla ya uhuru. Anayelijua hilo hupiga picha tofauti: hutafuta mkono na jembe, wala haridhiki na mistari peke yake.

Kwa wasomaji wa Nairobi mfano upo jirani zaidi. Vilima vya Ngong, vinavyofikia mita 2,460 hivi, vina njia moja ndefu inayofuata vilele, upande mmoja jiji na upande mwingine Bonde la Ufa. Asubuhi ni ya kutazama Bonde la Ufa jua likiwa mgongoni. Mtu anatembea, anapiga picha na kulala kwake siku hiyo hiyo.

Msimu nao uingie kwenye hesabu. Mwezi Julai Lushoto ni baridi na ukungu unaweza kukaa juu ya vilele hadi mchana. Mwishoni mwa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba hufifisha tambarare. Baada ya mvua za vuli hewa huwa imeoshwa na vilima ni vya kijani; masika hutoa mawingu makubwa, lakini njia za udongo hugeuka utelezi.

Jarida hili linashikilia pia kwamba kiongozi wa njia kutoka kijiji husika si gharama ya kukwepa. Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya utalii wa utamaduni ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, na wazo lake lilikuwa fedha ya mgeni ibaki pale anapotembea. Kiongozi huyo ndiye anayejua shamba la nani linakatizwa, mzee yupi aamkiwe kwanza, na nani hapendi kupigwa picha. Mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni ana haki ya kukataa, na mtoto hana uwezo wa kukubali peke yake.

Kurasa zinazofuata zimepangwa kwa mantiki hiyo. Kwa kila mahali msomaji atakuta muda wa kufika, umbali wa kutembea, upande linakotoka jua na miezi ya kuepuka. Taarifa hizi zilipaswa kuwepo siku nyingi kwenye mbao za matangazo katika stendi za Lushoto na Morogoro. Halmashauri zinazotoza ushuru kwa wageni zina uwezo wa kuchora ramani ya karatasi moja na kuweka alama kwenye njia panda, na jarida hili linaziomba zianze na njia mbili zinazotumika zaidi, ya Irente na ya Morningside.