Albamu ya mwaka? Njooni Mpanda mhesabu upya

Najua nimepotea, mitihani ilinibana kinoma na bando lenyewe lilikuwa la kuungaunga. Leo nimerudi na hasira kidogo, hasira za kirafiki lakini, kwa hiyo mnivumilie.

Kisa kilianzia hapa hostel juzi usiku. Umeme ulikatika, tukatoka nje kupiga stori, na mshkaji wangu mmoja mtoto wa Dar (mwenyewe anajijua) akaleta ubishi: mwaka 2021, nani alikimbiza kwa albamu hapa Bongo kuliko wote? Kwa mliosahau, mwaka ule albamu zilimwagika kama mvua ya Machi. Rayvanny alifungua Februari na Sound From Africa, nyimbo 23. Machi akaja Mbosso na Definition of Love. Oktoba Alikiba akashusha Only One King, na Novemba Harmonize akafuata na High School, nyimbo 20. Kwa sisi tuliozoea kupewa wimbo mmoja mmoja ilikuwa sikukuu. Basi kila mtu akatoa simu yake. Huyu anasoma takwimu za Boomplay, yule Apple Music, mwingine anahesabu watazamaji wa YouTube. Ubishi mpaka saa saba usiku na mshindi hakupatikana.

Marekani ubishi kama huo ungeisha mapema tu. Billboard wana chati ya albamu ya kila wiki tangu 1956, na kwa mwaka huohuo 2021 jibu lipo: Dangerous ya Morgan Wallen, yule jamaa wa country, ilikaa namba moja wiki 10 na ikamaliza mwaka ikiwa juu ya zote. Unaweza usiipende (mimi siipendi), lakini hesabu ipo. Hata watu walipoacha kununua CD hawakukwama, mwaka 2014 wakaamua kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni mara 1,500 inahesabika imeuzwa nakala moja. Sisi hatujawahi kuwa na chati ya mauzo ya albamu ambayo kila mtu anaikubali. Enzi za kaseti msanii alikabidhi kazi kwa msambazaji Kariakoo, akapokea chake, na baada ya hapo nakala ngapi zimeuzwa anajua msambazaji na Mungu wake. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay ilitoka 2001 na mpaka leo wazee wetu wa mtaani wanaitaja, lakini kamuulize mtu yeyote iliuza kaseti ngapi uone atakavyokuna kichwa. Tuzo nazo ni kitu kingine. Zile za Kili zilianza 1999 zikaishia 2015, zikarudi 2022 chini ya BASATA, ila tuzo ni tuzo, siyo daftari la mauzo.

Mimi usiku ule nilinyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu ninayo chati yangu ya 2021, imeandikwa kwa kalamu.

Nilimaliza form four mwishoni mwa 2020, na kabla ya kwenda form five nikakaa nyumbani Mpanda miezi kadhaa. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na kibanda jirani na stendi. Kompyuta moja ya mezani, hard disk, sabufa inayopiga kutwa nzima, na kibao cha "TUNAINGIZA NYIMBO KWENYE MEMORY NA FLASH". Nikawa kijana wa kazi. Mteja anakuja na kitochi chake, anachomoa memory kadi, anasema nijazie za elfu moja. Kaka alinipa counter book nipige mstari kila mtu anapoomba kitu, ili ajue akienda Tabora arudi na nini kipya.

Wadau, hiyo counter book ingewatoa machozi mabingwa wa Boomplay! Rayvanny na Mbosso wamo, siwanyimi haki yao. Bodaboda na wanafunzi wenzangu waliwaulizia sana. Lakini Katavi siyo bodaboda peke yao. Siku ya gulio wanashuka wafugaji wa Kisukuma na redio zile ndogo za flash zinazofungwa kwenye baiskeli, nao hawataki kusikia habari za Wasafi wala za Kondegang. Wanataka Bhudagala. Unajaza flash nzima nyimbo za Kisukuma na bado mzee anauliza, "Kijana, ndiyo zimeisha?" Wanakuja watu wa Katumba na Mishamo, familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, wengi wao wakaja kupewa uraia, wanataka nyimbo za Kirundi na kwaya. Wanakuja wachimbaji wa dhahabu wanataka taarabu na singeli kwenye flash moja, sijui wanazisikilizaje. Na kwaya ndiyo usiseme. Ijumaa jioni kazi yangu yote ilikuwa kwaya za Wasabato, Jumamosi za wengine wote.

Halafu ikaja Machi 17. Mbosso alikuwa ametoa albamu siku nane tu nyuma. Magufuli akafariki, nchi ikaingia maombolezo ya siku 21, na kibanda kizima kikageuka. Wiki ile mistari ya nyimbo za maombolezo ilijaza kurasa na kurasa, Bongo Fleva karibu sifuri. Kaka aliizima sabufa mwenyewe akaweka kwaya kwa sauti ya chini. Sasa niambieni, kwenye ubishi wenu wa hostel wiki ile inahesabiwaje?

Haya, mshkaji wa Dar atasema (na kweli alisema, asubuhi nilipomsimulia) kwamba kibanda ni wizi, hakuna cha chati hapo. Na hapo ndipo ninapokaa vibaya, maana ana pointi. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA ipo, na sisi hatukuwahi kumlipa msanii hata shilingi kumi. Kuna siku sitaisahau. Alikuja mama mmoja wa makamo, nikamwamkia, akaniambia anataka nyimbo za kwaya fulani ya hukuhuku kwetu. Nikazitafuta, zipo. Nikamwingizia, akanipa shilingi mia tano. Wakati anarudisha betri kwenye simu akaniambia taratibu, "Mwanangu, hiyo sauti ya kwanza ni mimi." Walichangishana mahindi mpaka wakaenda kurekodi, CD zikaisha, yeye mwenyewe hakubaki nayo hata moja. Zimefikaje kwenye hard disk yetu hata kaka hajui. Mama wa watu alilipa kununua sauti yake, na hela nikaipokea mimi. Hakugomba hata kidogo. Alifurahi kwamba zipo! Nikajisikia mdogo kama piriton.

Kwa hiyo siwatetei wenye vibanda. Ninachokataa ni hii tabia ya kuchukua namba za simu janja tukaziita Tanzania. Mwenye kitochi haonekani kwenye chati yoyote, na asiyeonekana kwenye hesabu haonekani kwenye malipo. Januari 2022 COSOTA waligawa mirabaha, zaidi ya milioni 300, nikafurahi kama wengine. Lakini mgao lazima ufuate kumbukumbu fulani ya kazi gani imepigwa wapi. Kumbukumbu ya Mpanda ilikuwa chini ya meza ya kaka yangu, imelowa chai. Yule mama wa kwaya angeingia kwenye mgao kwa mlango upi?

Maoni yangu ni haya, mnaweza kunirushia mawe. Kufunga vibanda tu ni kumwambia mtu wa Mishamo asisikilize muziki mpaka anunue smartphone. Ingekuwa bora kibanda kilipe ada ndogo ya mwaka, kama sheria inavyodai leseni kwa muziki wa baa na wa mabasi, na sharti la leseni liwe daftari: nini kimeingizwa, mara ngapi, kila mwezi linapelekwa. Najua watadanganya. Kaka angedanganya siku ya kwanza kabisa, namfahamu. Lakini msambazaji wa kaseti naye alikuwa na daftari lake peke yake, na hakuna aliyesema kwa hiyo albamu zile hazikuuzwa. Daftari la uongo kidogo linaweza kukaguliwa. Lisilokuwepo utalikaguaje?

Na nyie ndugu zangu wa BASATA na redio, mkitaja albamu ya mwaka semeni basi ni ya mwaka kwa akina nani.

Likizo iliyopita nilipita stendi pale. Kaka siku hizi ni wakala wa pesa za simu na anauza makava, hard disk imetupwa droo ya chini. Counter book aliniachia, nimekuja nayo chuo. Jana nikampa mshkaji wa Dar aone chati yangu kwa macho yake. Akafunua kurasa kama dakika tano hivi, kimya, halafu akainua kichwa: "Oya, huyu Bhudagala ndiyo nani?"

Nikachomeka flash. Majirani wametugongea ukuta mpaka saa sita, na kesho nina test ya nyuki sijasoma hata ukurasa. Tuonane baadaye wadau.