Mkono Unaosuka Koili



Wapendwa wanafunzi na wazazi, nilimkuta kijana wetu mmoja, hodari wa hesabu, ana waya mwembamba na pamba ndani ya mkebe wake. Nikamuuliza ni vya nini. Akajibu bila kuficha: "Ustadh, natengeneza koili ya sigara ya umeme. Za dukani ni ghali."

Tumsikilize kabla ya kumhukumu. Sigara hiyo ina betri, tangi la kimiminika na koili, yaani waya uliozungushwa na kupitishiwa pamba. Umeme ukipita, waya hupata moto, na kimiminika kilicholowesha pamba hugeuka mvuke. Pamba ikiungua, wengi huitupa koili. Yeye huifungua, akatoa waya wa zamani na kusuka mpya.

Kusuka alijua, kupima hakujua. Betri yake ikijaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4. Akipunguza mizunguko mpaka ukinzani ukashuka hadi omu 0.1, itavuta ampea 42, mzigo ambao betri ndogo kama ile haiuwezi. Waya ukigusa chuma cha tangi, hiyo ni shoti. Betri ya lithiamu ikizidiwa huweza kulipuka, nayo iko mfukoni au karibu na mdomo.

Mtu atasema: basi anunue mita, apime. Nami nasema, akipima sawasawa atakuwa ameilinda betri, hajayalinda mapafu yake. Nikotini ni ileile, na ubongo wa kijana hunaswa nayo upesi. Pamba ikikauka, joto kali huzalisha sumu. Amepunguza bei ya koili, lakini kiu inayomrudisha kwenye koili kila mara iko palepale. Kupata madhara kwa bei nafuu si kubana matumizi. Na dini yetu haikuturuhusu kujidhuru wala kuwadhuru wenzetu.

Wazazi, kuvunja kifaa na kuchapa hakutoshi. Mtoto atajificha tu. Kwanza ondoeni kile kimiminika nyumbani, maana mtoto mdogo akikinywa, hata kidogo, kinaweza kumuua. Kisha ongeeni naye, na mumfikishe kwa daktari akishindwa kuacha peke yake. Tena mtazame mkono wake, kwani mkono unaosuka koili ni neema.

Feni ya darasa letu ilikuwa imeungua mota. Nilimpeleka kijana yule kwa fundi wa kusuka mota, wakaisuka pamoja kwa siku mbili. Leo inazunguka juu ya vichwa vyenu.

Je, ameacha? Mwenyewe anasema anapambana, na kuna siku anashindwa. Namshukuru kwa kusema kweli. Tumuombee dua, na yeyote mwenye mkebe kama ule aje tuzungumze. Mlango uko wazi.

Wabillahi tawfiq.