Kolera haifuate mutu muchafu, inafuata maji machafu

Wandugu wa mine, mama na vijana wa kartie, kila mwaka muvua ikianza tunasikia tena jina ya kolera. Na kila mwaka maneno ya wakubwa ni yale yale: watu wa kule ni wachafu, hawanawe mikono. Sisi hatukubali. Mama anayenunua bido ya maji na makuta ya chakula, atapata wapi maji ya kunawa mara kumi kwa siku?

Tuangalie vile maladi hii inatembea. Mududu wa kolera anatoka mu choo ya mugonjwa, anaingia mu maji, halafu mu kinywa cha mutu mwingine. Kule robine inatoa maji safi kila siku, njia ile inakatika. Kwetu, parsele moja iko na familia tatu ao ine, choo moja, na kisima kifupi pembeni yake. Muvua ikinyesha sana, choo inajaa na vyote vinachanganyika. Unaweza kuwa safi sana ndani ya nyumba yako, lakini unakunywa maji ya kartie nzima.

Kifua kikuu (TB) kinapita mu hewa, lakini nacho kinapenda makao kama yetu. Muchimbaji anapumua vumbi ya majiwe mwaka na mwaka. Vumbi ile inaharibu mapafu, na TB inayashika kwa urahisi. Jioni anarudi mu chumba kimoja, watu sita, dirisha imefungwa juu ya wezi. Akikohoa, watoto ndio wanapokea. Dawa ni ya bure, na kwa kawaida inakunywewa miezi sita. Lakini mutu asiyelipwa siku asipoingia mu shimo, anaiacha katikati akisikia nafuu. Hapo tatizo ni mufuko.

Wazee wetu waliona jambo hili. Union Minière ilianza 1906, na mu miaka ya kwanza wafanyakazi wengi walikufa mu makambi na pneumonie, homa ya matumbo na kuhara damu. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilianza kujenga nyumba bora, kuleta maji safi, kuongeza chakula na kupokea bibi na watoto. Haikufanya vile juu ya huruma: mufanyakazi aliyekufa hachimbe shaba. Lakini vifo vilipungua, na penisilini ilikuwa haijafika bado.

Leo feza iko. Kodi ya mine ya 2018 inasema 15% ya redevance minière inaenda kwa commune, chefferie ao secteur kule mine iko. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wakaaji. Kwa hiyo hatuombe zawadi, tunaomba hesabu. Watatuambia kwamba barabara na shule nazo zinangojea. Ni kweli. Lakini mutoto anayehara hafike shule hata barabara ikiwa ya lami.

Kwa sasa, kila nyumba ifanye inachoweza: kuchemsha maji ao kutia klore, kufungua dirisha muchana, kupeleka ku lupitali mutu anayekohoa zaidi ya wiki mbili. Mutu akianza kuhara kama maji, mumunyweshe litre 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na mukimbie naye ku lupitali pale pale.

Halafu shefu wa kartie akiita mukutano mbele ya muvua, twende wengi, wababa na wamama, na tuulize bourgmestre jambo moja tu: mwaka huu feza ya mine ilijenga robine ngapi, na ziko ku avenue gani?