Elimu ya Umeme Ianzie Juu ya Mabati Yetu

Alasiri moja mtaani Mulongwe, hapa Uvira, nilimkuta kijana achajiye simu za watu ameketi chini ya turubai, akiumenya kwa wembe waya uteremkao kutoka paneli ya jua iliyo juu ya mabati, akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo halijanitoka moyoni: "Mwalimu, shaba yapitisha umeme, na gamba lake la plastiki lauzuia, sababu ni nini, ilhali vyote ni vitu vikavu?"

Swali hilo lastahili jawabu la Kiswahili. Kila atomu ina kiini, na kukizunguka zimo elektroni zilizopangwa katika ngazi za nishati, wala hapana elektroni ikaayo baina ya ngazi na ngazi. Atomu zikusanyikapo kwa mamilioni ya mamilioni, ngazi zao husongamana hata zikawa kanda, na baina ya kanda hizo huweza kubaki pengo. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Wilson alibainisha kwamba humo ndimo ilimo tofauti ya kipitishi na kihami.

Nilimpa mfano wa mwalo wa Kalundu: mitumbwi ikijaa ubavu kwa ubavu, hata msukumo uwe mkubwa hakuna utakaosogea, bali nafasi ikiwapo, kasia moja latosha. Ukanda wa juu wa shaba umejaa nusu tu, kwa hiyo elektroni zake huitika msukumo mdogo wa betri. Katika plastiki ukanda wa chini umejaa pomoni, na ule mtupu uko mbali. Ndivyo ilivyo almasi ya Mbuji-Mayi: pengo lake ni elektroni-volti 5.5, na kwa kuwa nuru ionekanayo kwa macho haizidi takriban 3, nuru hiyo hupenya bila kuiinua elektroni hata moja. Silikoni ya paneli ina pengo la 1.1 tu, jua huzivusha elektroni zake, na tabaka mbili, moja iliyotiwa fosforasi na nyingine boroni, huzielekeza upande mmoja hadi kwenye waya.

Wako wasemao kwamba elimu hii haisemeki ila kwa Kifaransa. Sikidharau Kifaransa, kwani mitihani ya watoto wetu ni kwa lugha hiyo. Lakini nchi itoayo shaba ya Kolwezi, na koltani ya Kivu ambayo metali yake, tantali, hupitisha umeme ilhali utando wa oksidi yake huuzuia, hata ikafaa kutunza chaji ndani ya simu, haipaswi kuwalea vijana wajuao bei ya kilo bila kujua thamani yake yatoka wapi. Hata mchanga ambao mto Mulongwe ulitumwagia majumbani katika mafuriko ya Aprili 2020 una silikoni, iliyofungamana na oksijeni. Basi rai yangu kwa walimu wa Uvira ni hii: somo la umeme lianze kwa waya, betri na paneli, na lifafanuliwe kwanza kwa lugha ya nyumbani.

Siku chache baadaye nilipita tena chini ya turubai lile, nikamkuta yule kijana amepanga vizibo vya chupa juu ya meza, akimweleza mteja mmoja, mvuvi, habari ya mwalo uliojaa na mwalo wenye nafasi. Na mvuvi yule, ambaye hakupata kusoma fizikia, alikuwa akiitikia kwa kichwa.