Flashi ya kijiji haichomekwi ovyo

Tumezoea kusema flashi "inafunguliwa", kana kwamba ni daftari, na neno hilo limetudanganya kwa miaka mingi. Kompyuta huipachika kwanza, yaani huiunganisha na mpangilio wake wa mafaili, na katika kuipachika huweza kuandika juu yake. Windows mara nyingi huacha humo folda ya mfumo ambayo mwenye flashi hakuiomba. Linux nayo, ikipachika flashi ya FAT32 kwa ruhusa ya kuandika, huitia alama kwamba inatumika. Kompyuta yenye virusi sina haja ya kuieleza.

Sasa mfikirie mtendaji wa kijiji katika kata ya Mbangala, huku kwetu Songwe, ambako dhahabu imekifanya kila kipande cha ardhi kuwa kesi inayosubiri siku yake. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ameuchapisha steshenari. Flashi ileile itachomekwa ofisi ya kata, kisha wilayani, kisha kwa kijana yeyote mwenye printa inayofanya kazi. Mgogoro ukifika barazani, faili lile linaitwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inataka uzito wa ushahidi wa namna hiyo upimwe, pamoja na mengine, kwa jinsi taarifa ilivyotunzwa na ilivyolindwa isibadilike. Nani ataapa kuhusu flashi iliyopita mikono kumi? Mnyonge atapoteza shamba, na sisi wasomi tutaandika makala kuhusu utawala bora.

Nitajibiwa kwamba haya ni mambo ya maabara za polisi. Si kweli. Katika Linux kila kifaa cha kuhifadhia huonekana kama faili chini ya /dev. Programu ya mtools, isiyolipiwa hata senti, husoma FAT moja kwa moja kutoka humo: mdir huorodhesha yaliyomo, mcopy huyanakili, na hakuna kilichopachikwa. Flashi ya ext4 husomwa na debugfs. Sharti ni kuzima kwanza upachikaji wa kujiendesha, la sivyo kompyuta itakutangulia. Palipo na ugomvi, kifaa kizima kinakiliwe kwa dd, nakala ipigiwe hesabu ya sha256, kisha watu wabishane juu ya nakala huku flashi yenyewe ikiwa kabatini.

Wala lugha isiwe kisingizio. Tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Tulichokosa ni vyuo vinavyomfundisha mwanafunzi kinachotendeka nyuma ya kitufe, na wakubwa wa ofisi wanaoona aibu kuchomeka mali ya umma kwenye mashine wasiyoijua. (Wengi wao hutembea na flashi hizo shingoni, kama hirizi.)

Ninachodai ni kidogo: kila ofisi ya kata iwe na kompyuta moja kuukuu yenye Linux, isiyounganishwa na intaneti, na rejista ya karatasi. Flashi ikipokelewa, tarehe, jina la aliyeileta na ile hesabu ya sha256 viandikwe kwa wino, mwenye flashi akiwa amesimama palepale.