Fundi, kabla hujapiga Windows niambie inaumwa nini

Nimekuwa kimya zaidi ya wiki na sababu ni moja tu: laptopu yangu ilikuwa haina intaneti. Leo naomba nitoe dukuduku langu, maana jambo lenyewe limenifanya niifikirie upya hata hii kazi ninayoisomea, yaani ualimu.

Ilikuwa hivi. Mashine yangu ni ya mtumba na ilikuwa imeanza kuwa nzito, inawaka kwa dakika kumi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Moshi mjini. Hakuniuliza swali hata moja. "Hiyo ni ya kupiga Windows tu, dada. Elfu kumi." Nikaiacha, nikazunguka soko la Mbuyuni, niliporudi mashine inakimbia kama swala. Nikalipa kwa furaha. Nafika hosteli, nafungua, alama ya waifai haipo kabisa! Mwenzangu kakaa kitanda cha pili, simu yake inashika mtandao vizuri, mimi hata orodha ya mitandao sioni.

Nikamwandikia mama nyumbani Kibosho: "Wifi imepotea, na kazi ya kozi mwisho Ijumaa." Akapiga simu papo hapo. "Wifi yako yupi huyo? Kaka yako kaoa lini na sisi hatuna habari?" Jamani! Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Kesho yake nikarudi kwa fundi. Akaitazama kama nusu dakika hivi. "Kadi ya waifai imekufa. Nyingine elfu arobaini." Wenzangu mnaoishi kwa bumu mnajua elfu arobaini ni milo mingapi. Nikamuuliza, "Kaka, umejuaje kuwa imekufa?" Akajibu, "Dada, mimi kazi hii nina miaka minane." Sasa hilo ni jibu la swali gani? Kadi ilikuwa nzima asubuhi, mchana imekufa, na kilichobadilika katikati ni Windows tu. Nikabeba mashine yangu nikaondoka.

Kwenye daladala nikamkumbuka babu na mfongo wake. Kwa msiojua, mifongo ni mifereji ambayo Wachaga walichimba tangu enzi za mababu, kuteremsha maji ya mito ya Kilimanjaro mpaka kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Maji yakikatika kihambani, babu hachimbi mfongo mpya. Anachukua jembe, anaufuata ule ule kupanda juu. Hapa maji hayapo. Hapa hayapo. Hapa yapo! Basi tatizo liko kati ya hapa na pale.

Nami nikaufuata mfongo wangu. Kwanza, mtandao wa hosteli upo? Upo, simu zinaupata. Pili, kadi iko hai? Windows ina dirisha linaloorodhesha vifaa vyote vya mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, achia, kisha bonyeza M. Nikakuta kifaa kimoja cha mtandao kina alama ya mshangao ya njano. Nikafungua maelezo yake, nikaona namba hii: PCI\VEN_10EC&DEV_B723. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji, 10EC ni Realtek ya Taiwan. Sehemu ya pili ni kifaa chenyewe, RTL8723BE, kadi ya waifai. Wadau, maiti haitaji jina lake! Kadi ingekuwa imekufa kabisa, hata kwenye orodha isingeonekana. Ilikuwa hai, ila Windows mpya haikujua namna ya kuongea nayo. Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo iitwayo draiva, na fundi aliifuta pamoja na vingine vyote aliposafisha diski.

Ikabaki kuku na yai: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo sina. Dawa ilikuwa mfukoni mwangu. Simu ya Android ukiiunga kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti kwa njia hiyo, Windows 10 huipokea kama kadi nyingine ya mtandao. Nikaunga, nikaiambia Windows ijisasishe, nikaenda kuchota maji. Kurudi, waifai hiyo hapo! Gharama yake ni bando. Kazi nikaituma Alhamisi usiku.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Simwiti yule fundi mwizi. Naamini alikuwa anasema anachokiamini. Wateja ni wengi, kila mmoja ana haraka, na kupiga Windows kunatibu magonjwa mengi. Lakini tangu lini mganga akatoa dawa moja kwa kila anayeingia? Nani alimfundisha kwamba swali "umejuaje?" ni dharau?

Wadau, tuliomfundisha ni sisi walimu. Mwaka jana nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Pili walinitajia kwa sauti moja kwamba Kibo ina mita 5,895. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuuliza kwa nini mvua ni nyingi upande wetu wa kusini wa mlima kuliko upande wa kaskazini. Nikamwambia, "Hilo tutalifikia baadaye, andika kwanza." Hatukulifikia. Nilijaza ubao, wakanakili, kengele ikalia. Yule mtoto akija kuwa fundi, nitashangaa akiniambia ana miaka minane kazini?

Agosti 2022 TTCL ilizindua intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya mlima huu huu. Ni jambo la kujivunia. Lakini intaneti hata ikifika mlangoni kwako, wa kuiingiza ndani ni mtu anayejua kuuliza imekwamia wapi. Na maswali yanaongezeka, kwa sababu Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi wa mashine za mtumba tutapishana kwa mafundi, wa kwenda Windows 11 na wa kwenda Linux.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu mashine yako, chomeka flashi, fungua lile dirisha jeusi la amri kwa mamlaka ya msimamizi, tengeneza folda kwenye flashi na uandike: pnputil /export-driver * E:\draiva (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Draiva zako zitanakiliwa humo. Kwa anayerudisha Windows, ni akiba nzuri. Kisha muulize fundi swali moja kwa upole: inaumwa nini, na umejuaje?

Nami nimejiwekea nadhiri. Muhula ujao nikirudi darasani, mkono wa mtoto ukiinuka, chaki inakaa chini kwanza.

Je, wewe yamewahi kukukuta? Ulilipia kifaa ambacho hakikuwa kimekufa? Tuambiane, tusaidiane. Siku njema wadau, ngoja niwahi kipindi.