Gari na Nyumba Kabla ya Mvua za Usoke

Mvua za Unyamwezi huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Basi mwenye gari au nyumba Usoke, kule magharibi ya Tabora katika njia ya reli iendayo Kigoma, ana miezi ya Septemba na Oktoba ya kutengeneza yale yasiyomhitaji fundi wa kulipwa. Wengi wenu mnafanya kazi mijini, na nyumba ya kwenu mnaiona wakati wa likizo tu. Kwa hiyo nitasema juu ya kazi za siku mbili au tatu, kwa spana chache, mwiko, ndoo, ngazi na tambara.

Tuanze na gari. Mwisho wa kiangazi, vumbi la njia za mashamba ya tumbaku huwa jembamba kama unga, nalo huingia kila mahali. Land Rover za zamani na matrekta mengi yalikuwa na chujio la hewa lenye bakuli la oili. Dereva alifungua, akamwaga tope lililotuama, akatia oili nyingine. Magari ya siku hizi yana chujio la karatasi, nalo lataka uangalifu zaidi. Litoe, uligonge polepole juu ya ubao ili vumbi lianguke, kisha uweke tochi kwa ndani. Mwanga usipopenya, nunua jingine. Usilioshe kwa petroli wala maji. Ukitumia upepo wa pampu, uwe mdogo, upulize kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Wako madereva wanaolitoa kabisa na kuendesha bila chujio ili gari “lipate nguvu”. Gari hilo linameza mchanga, na mchanga hukwaruza silinda. Haitapita muda mrefu kabla injini haijaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Betri nayo huota ukoko mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake. Hapo dereva hulaumu betri kuwa imekufa, kumbe umeme haupiti tu. Legeza kwanza waya wa hasi, ndipo wa chanya. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, umalize na hasi. Utaratibu huu una sababu. Katika magari karibu yote bodi ya chuma imeungwa na upande wa hasi, na spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, cheche huruka. Nayo betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo hapana sigara wala kibatari karibu. Osha ukoko kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kausha, funga waya, kisha pakaa girisi juu. Ikiwa betri ni ya vifuniko, ongeza maji safi ya betri mpaka yafunike bamba zake. Usiongeze asidi, na usitie maji ya kisima.

Rejeta ifunguliwe injini ikiwa imepoa. Raba za waipa zilizokauka kwa jua zibadilishwe sasa, kwani siku ya mvua ya kwanza hutaona barabara.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo baina ya gari na nyumba, yaani oili chafu. Baada ya kumwaga oili ya injini, watu wengi huimwaga kuzunguka msingi ili kuzuia mchwa. Mimi siungi mkono desturi hiyo. Oili iliyotumika ina sumu zitokanazo na mwako pamoja na vipande vidogo vya madini. Haiozi upesi, na penye visima vifupi mvua yaweza kuipeleka katika maji wanayokunywa watoto wako. Hata ngozi yako isizoee kuoga nayo. Iweke katika dumu lenye kifuniko, uipeleke kwenye gereji inayoikusanya.

Mchwa adhibitiwe kwa macho. Ondoa kuni, magogo na nyasi zinazogusa ukuta, kwa sababu hapo ndipo apandapo bila kuonekana. Acha ukanda mtupu wa nusu mita kuzunguka nyumba, upite kila juma ukivunja vijia vyake vya udongo. Miimo ya milango iwe ya kiini cha mninga. Sehemu nyeupe ya nje ya mti huo huliwa kama mti mwingine wowote, ijapokuwa muuzaji ataiita mninga. Na dirisha likikwama, lipake nta ya nyuki kwenye kingo, kwani kwa nta Tabora haina upungufu; usikimbilie randa wakati wa mvua, maana kiangazi kikirudi mbao zitasinyaa na pengo litabaki.

Lililo zito kuliko yote ni mguu wa ukuta wa udongo. Ukuta wa matofali mabichi hauanguki kwa sababu ya mvua inayoupiga usoni, bali kwa sababu ya maji yanayodondoka kutoka batini na kuruka chini, yakiula kidogo kidogo mpaka usiku mmoja unawalalia watu waliolala. Pima mwenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 20, humwaga lita 960, yaani karibu mapipa matano ya lita 200, chini ya kuta zako.

Mahali palipoliwa, kwangua udongo uliolegea, lowesha, ujaze kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Usipige lipu ya saruji tupu juu ya udongo: ukuta hutanuka na kusinyaa, saruji hukataa, nyufa hufunguka, na maji yakiingia nyuma yake hayaonekani. Inua ardhi ya kando ya ukuta ili maji yakimbie, utandaze kokoto pale matone yanapoangukia.

Ukimudu mfereji wa bati, ufunge kwa mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji upande wa juu kabla hujashuka ngazini. Maji yakituama, nyanyua kishikizo cha mahali hapo, maana mbu watazaa humo. Pipa la kukingia nalo lifunikwe kwa wavu mwembamba uliokazwa kwa mpira wa tairi.